Uso Uliotoka Ukutani

Watu wakiniuliza kazi yangu huwa nawaambia nasafisha picha. Ni jibu la mtu mvivu, lakini lile jibu refu nimeshalijaribu, na nimeona macho ya wasikilizaji yanavyopotea kabla hata sijafika kwenye barafu. Ubaya wa jibu fupi ni kwamba watu huliamini. Mama mwenye nyumba wangu aliniletea picha ya harusi yake iliyoliwa na mchwa. Mlinzi wa getini alitaka nimfute shemeji yake kwenye picha ya ubatizo, maana waligombana baada ya ule ubatizo na hawajapatana mpaka leo. Nilikuwa nawacheka. Sikujua kwamba siku moja mama yangu mzazi naye angekuja na ya kwake.

Jibu refu ni hili. Nafanya kazi katika maabara ndogo ya chuo hapa Dodoma, chumba chenye feni mbili na kompyuta moja yenye nguvu ambayo tunaipenda kuliko tunavyopendana. Tunachunguza kile kijidudu cha ndigana, ugonjwa wa kupe ambao mfugaji yeyote wa huku kwetu akiutaja hushusha sauti. Ndani ya kijidudu hicho kuna protini tunayotaka kuijua umbo lake, kwa sababu ukijua umbo la kitu unajua pa kukikamatia. Protini hiyo ni ndogo mno, darubini ya kawaida haiioni. Huko ng'ambo kwenye darubini kubwa za elektroni wanaigandisha katika utando wa barafu, kisha wanaipiga picha nyingi sana. Elektroni zikizidi zinaiunguza, kwa hiyo wanazipunguza, na picha zinazotoka zimejaa chenga, kama televisheni ya zamani antena inapoanguka.

Darubini hiyo sisi hatuna. Tunatumiwa picha kwa mtandao na kazi yetu ni kuzisafisha. Programu tunayotumia ni huria: walioiandika wametawanyika duniani na wameiacha wazi, unaichukua bure, unaifungua na kusoma kila mstari ulioandikwa, na ukikuta kosa unawaambia nao wanakushukuru. Ukikwama unauliza kwenye jukwaa lao, na mtu usiyeijua sura yake wala nchi yake anakujibu. Nimewahi kujibiwa na mtu aliyeanza kwa kuomba radhi kwamba mtoto wake alikuwa analia. Bila programu hiyo chumba chetu kingekuwa stoo ya feni.

Picha moja haikuambii kitu. Programu inaokota maelfu ya vivuli vya protini, inavigeuza na kuvisogeza mpaka vyote vikae mkao mmoja, kisha inavilaza kimoja juu ya kingine. Kila picha ina chenga zake, kwa hiyo chenga zinafutana zenyewe. Kile kilichokuwamo kweli kinabaki na kuonekana. Mara ya kwanza nilipokiona kikitokea nilisimama kwenye kiti nikapiga vigelegele, na mwalimu wangu akaniambia nishuke, nisije nikavunja kiti cha serikali.

Mwalimu wangu ni mtu wa Kagera, mwenye ulimi mkali na suruali zilizopigwa pasi vizuri mno kwa vumbi la hapa. Ana desturi moja ambayo sisi wanafunzi wake tuliiita jando. Kila anayeingia maabara, wiki ya kwanza, anapewa picha za barafu tupu. Hamna protini humo, barafu peke yake. Pamoja nazo anapewa umbo la protini fulani inayojulikana na kuambiwa: ionyeshe programu umbo hili, iambie itafute linalofanana nalo. Unatii. Programu inapekua chenga, inaokota kila kipande chenye kufanana japo kidogo, inavipanga, inavilaza kimoja juu ya kingine, na baada ya saa kadhaa protini inatokea kwenye kioo chako, nzuri, na mikunjo yake yote. Unafurahi. Mwalimu anakuja, anasimama nyuma ya kiti chako na kusema, "Umeiona? Haimo."

Basi, hilo ndilo jando. Kila mmoja wetu amelipitia na kila mmoja wetu aliona haya. Programu haidanganyi, umeituma kitu, nayo imekuletea ulichoituma. Ndiyo maana kazi ya kweli tunaigawa nusu mbili. Nusu moja ya picha inasafishwa peke yake, nusu nyingine peke yake, bila kuonyeshana na bila kuonyeshwa mfano. Mwishoni tunazilinganisha. Pale nusu mbili zinapokubaliana bila kuwa zimesikilizana, hapo tunaamini.

Sasa nieleze habari za kaka yangu. Alinitangulia kuzaliwa na alinipita kwa kila kitu isipokuwa shule. Alikuwa anaendesha bodaboda kwetu Bahi, kutoka stesheni hadi majaruba ya mpunga na kurudi, na bega lake la kushoto lilishuka kidogo tangu siku alipoanguka na pikipiki akiwa amebeba gunia la mpunga la mama. Ukimwona kwa nyuma ungedhani anasikiliza kitu kilichoko chini. Mwaka ule mvua zilipogoma, majaruba yakapasuka na abiria wakaisha, alisema anakwenda machimbo ya dhahabu, kanda ya ziwa, atarudi msimu wa kulima. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Alipiga simu mara chache, kila mara kwa namba mpya. Halafu simu zikakoma. Misimu ya kulima imekuja na kupita, na hajarudi.

Baba alishafariki siku nyingi. Alikuwepo baba mdogo, naye alikwenda na mama kumtafuta mara mbili, kila mara kwa sababu mtu fulani alisema amemwona. Mara ya pili mama alipandwa na presha njiani, akalazwa katika mji ambao hakumjua mtu, na yule waliyekuwa wamemfuata akaonekana kuwa Mnyaturu mpole ambaye aliwanunulia soda na kuwaombea.

Lakini mama hakuacha kumwona. Karibu kila wiki alinipigia simu. Nilikuwa namwamkia, ananiitikia marahaba, ananiuliza kama nimekula, kisha anashusha sauti kama mtu anayetoa zawadi. "Leo nimemwona kaka yako." Alimwona mnadani, nyuma ya ng'ombe. Alimwona kwenye dirisha la treni lililopita bila kusimama. Aliwahi kumwona kwenye taarifa ya habari, nyuma ya mbunge mmoja aliyekuwa akihojiwa, na akasimama mbele ya televisheni ya jirani mpaka wakamwomba asogee.

Kila mara nilimuuliza swali lilelile, kwa ile sauti ya maabara ambayo naichukia nikiisikia: "Uliona uso, mama?"

"Nimeona mgongo. Mgongo niliousugua mwenyewe, nitaukosea?"

Kanisani kwetu, kabla ya maombi, mchungaji huuliza majina. Kwanza wagonjwa, kisha wasafiri, mwisho waliotangulia. Mama alimtaja kaka kwa wasafiri, kila Jumapili, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Nimekaa pembeni yake mara nyingi nikisikia jina la kaka yangu likiombewa pamoja na mtu aliyekwenda Morogoro kwenye harusi na atarudi Jumatano. Waumini waliitikia amina bila kugeuka. Walishazoea, na nadhani wengine walikuwa wanamwonea aibu.

Ijumaa moja, kabla ya saa sita mchana, mtoto wa shangazi yangu aliweka video kwenye kundi la ukoo. Lori lilikuwa limelala ubavu kwenye barabara ya machimboni huko, watu wamelizunguka, makelele. Video hiyo ilikuwa imesambazwa kutoka simu hadi simu mpaka imechakaa, na hakuna aliyejua nani aliipiga. Pembeni kabisa, mbali na lori, mwanamume mmoja alisimama karibu na ukuta wa duka uliopakwa rangi ya samawati. Alikuwa haendi wala harudi, anaangalia tu. Kichwa chake kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, na bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Chini ya video binamu yangu aliandika: "Jamani, huyu si fulani?"

Simu ya mama ilinifikia kabla sijamaliza kuiangalia video.

"Umemwona?"

"Nimeona, mama. Lakini uso hauonekani."

"Ndiyo nakupigia. Si kazi yako hiyo? Nisafishie."

Nikaanza kumweleza kwamba kazi yangu si hiyo hasa. Sikufika mbali. Baba mdogo alichukua simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Binti yangu, sisi tumezeeka. Wewe ndiye uliyesomea mambo ya picha. Ukisema ndiye, Jumatatu naondoka na mama yako, japo daktari amekataza. Ukisema siye, basi, hili jambo tulifunge. Mwanangu, mimi siwezi kumzika mama yako njiani kwa ajili ya mtu ambaye hatujui."

Nyuma yake nilimsikia mama akisema, "Atasema ndiye."

Jumamosi nilikuwa peke yangu maabara. Jua la Dodoma lilikuwa limeshika bati tangu asubuhi na feni zilikuwa zinazungusha hewa ya moto. Video si kitu ila picha nyingi zinazofuatana, na yule mtu alikuwa amesimama muda wa kutosha. Nikakata kichwa chake katika kila picha. Nikavigeuza vipande kuwa katika namna ambayo programu yetu inaielewa, ile programu ya protini na barafu, na wala haikushangaa. Kwake kichwa cha mtu na protini ya kijidudu ni vivuli tu.

Halafu nikafanya lile ambalo ningemfokea mwanafunzi yeyote kwa kulifanya. Nilikuwa na picha ya pasipoti ya kaka, aliyopigwa studio pale mjini akiwa anafuatilia leseni, shingo imekakamaa kwa shati la kuazima. Nikaiingiza kama mfano. Nikaiambia programu: mtafute huyu.

Nilijua. Naapa nilijua, lakini mikono yangu ilikuwa ya mtoto wa mama yangu kuliko ya mwalimu wangu.

Picha zisizofanana naye programu ikazitupa, zenye kufanana ikazibakiza, ikazigeuza, ikazisogeza. Na kaka akatokea. Kidevu chake chembamba, masikio yake, hata ile shingo iliyokakamaa. Nikaweka mkono juu ya kioo. Nililia kwa kelele, katika chumba kile chenye joto, nikamwita kwa jina tulilokuwa tunamwita nyumbani. Nilishika simu nimpigie mama. Namba yake ilikuwa tayari imetokea.

Kilichonizuia ni shingo. Mtu wa kwenye video alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anaangalia lori lililoanguka. Kwa nini shingo yake ikakamae kama ya mtu aliyeko studio?

Nikaweka simu chini. Nikarudi kwenye video nikamwacha yule mtu, nikaanza kukata ukuta. Ule ukuta wa samawati, vipande vingi sana, kila kona, picha baada ya picha, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala kivuli, palikuwa na rangi na chenga tu. Nikaviingiza. Nikaipa programu ile picha ya pasipoti. Nikakaa nikingoja huku umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ikipumua kwa betri yake ya akiba.

Kaka alitoka ukutani. Alitoka vizuri kuliko mara ya kwanza, kwa sababu vipande vya ukuta vilikuwa vingi zaidi. Alikuwa ananitazama kwa lile shati la kuazima.

Hakuna aliyesimama nyuma ya kiti changu, lakini nilimsikia mwalimu. Umemwona? Hayumo.

Kazi ya haki niliifanya mwisho. Vichwa vya yule mtu nilivigawa mafungu mawili, sikuionyesha programu uso wowote, nikaliacha kila fungu lijisemee. Zikatoka picha mbili, hafifu, na zikakubaliana. Mtu mzima, uso mpana, nywele zimerudi nyuma kwenye paji, kidevu kizito. Sijawahi kumwona maishani mwangu. Alikuwa na sura ya mtu mwema.

Nikafanya kitu cha mwisho cha kipumbavu. Kwa kuwa programu ni huria, niliifungua nikaanza kusoma sehemu ile inayolinganisha picha na mfano, mstari kwa mstari, nikitafuta kosa. Watu wasionijua waliiandika kwa subira, na mmoja wao alikuwa ameacha onyo humo ndani kwa wale wanaokuja nyuma: jaribu kwanza kwa picha tupu, usiamini kabla. Nilitamani kwa roho yangu yote kukuta wamekosea. Kosa lao lingenirudishia ndugu. Nilisoma mpaka jua likashuka kwenye kioo cha dirisha, na kosa sikulikuta.

Asubuhi yake, kabla ya kupanda gari la kwenda Bahi, nilipita steshenari nikachapisha picha tatu. Nilikuwa nimeamua kumwonyesha mama moja tu, ya yule mgeni. Zile nyingine mbili sijui nilizichapisha kwa nini. Nadhani nilishindwa kumwacha kaka ndani ya kompyuta.

Ibada ilikuwa imekwisha nilipofika. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani bado, na kando ya mlango palikuwa na begi lake la safari, limefungwa. Alikuwa amepika ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho kaka alikuwa akikimaliza hadi sufuria. Baba mdogo alikaa kwenye kigoda akichokonoa ardhi kwa kijiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Iko wapi?"

Nikampa ile karatasi. Akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mfupi sana.

"Huyu nani?"

"Ndiye yule wa kwenye video, mama. Ndiyo sura yake."

"Siye."

"Siye, mama."

Baba mdogo akaacha kuchokonoa. Mama hakulia. Alinirudishia karatasi kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu alicholetewa kwa makosa, akasema, "Na huyu naye ana mama yake mahali." Pangeishia hapo. Lakini bahasha ilikuwa bado mapajani mwangu, nami niliishika vibaya, kama mtu mwenye kitu.

"Na hizo nyingine?"

"Hizo si kitu, mama. Ni majaribio."

Akanyoosha mkono. Mama yangu akinyoosha mkono hivyo huwezi kukataa. Hata baba hakuweza. Akazitoa zote mbili na kuziweka juu ya gauni lake, na uso wake ukafunguka wote. Hiyo sura ya mama niliiona ikirudi baada ya miaka na mimi ndiye niliyekuwa natakiwa kuizima.

"Si huyu hapa! Sasa unanitania nini?"

"Mama, huyo wa kwanza nilidanganya. Niliionyesha kompyuta picha yake ya pasipoti, nikaiambia imtafute. Ikamtengeneza."

"Na huyu wa pili?"

"Huyo ni ukuta."

Alinitazama.

"Ule ukuta wa duka. Nilikata vipande vya ukuta mtupu, nikaiambia imtafute humo."

"Kulikuwa na mtu ukutani?"

"Hapakuwa na mtu."

"Lakini imempata."

"Ukiituma kumtafuta inampata popote, mama. Hata mahali asipokuwepo."

Akazishika picha zile mbili, moja kila mkono, akazilinganisha kama anavyolinganisha mbegu. "Mbona huyu wa ukutani ndiye anayefanana naye zaidi?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye kazi yangu, na nilimjibu kama mtaalamu, Mungu anisamehe. "Kwa sababu ukuta hauna sura yake mwenyewe. Yule mtu ana yake, inabisha. Ukuta haubishi."

Baba mdogo akainuka akatoka nje, akakohoa huko kwa muda mrefu kuliko kikohozi.

Kuku aliingia, akadonoa chini ya meza, akatoka. Kisha mama akaanza kuuliza, pole pole, bila kunitazama. Hakuwa ananiuliza mimi.

"Na yule wa mnadani?"

Nikaanza kuikunja bahasha.

"Na yule wa kwenye treni. Yule wa nyuma ya mheshimiwa."

"Mama."

"Uso wake sikuuona," alisema. "Hata mmoja wao. Uso sikuuona."

Nilimshika mkono na mkono ulikuwa baridi, mchana ule wa joto. Nilitaka kumwambia kwamba hayo hayathibitishi lolote juu ya kaka mwenyewe, kwamba mtu kutokuwepo kwenye ukuta hakumaanishi hayupo duniani. Ni kweli kabisa, na nilisema. Alitikisa kichwa kukubali, kwa heshima, kama anavyowakubalia madaktari. Jioni alifungua begi la safari akarudisha nguo sandukuni moja moja.

Baba mdogo hakuita kikao cha ukoo kulifunga lile jambo. Alisema yatosha. Jumapili iliyofuata nilirudi Bahi nikakaa kanisani pembeni ya mama. Mchungaji akauliza wagonjwa, watu wakataja. Akauliza wasafiri. Akatua macho kwa mama, kwa mazoea, na kanisa zima likawa limeshaanza kumngojea. Mama aliangalia mikono yake. Mchungaji akasubiri kidogo, akauliza waliotangulia. Mama akaendelea kuangalia mikono yake. Kaka yangu hakuwa na mahali pa kutajwa, tukasimama tukaimba.

Maabara mambo yalikwenda vizuri. Umbo la ile protini yetu ya ndigana lilitoka baada ya miezi, nusu zetu mbili zikakubaliana kuliko tulivyothubutu kuomba, na tukaliweka wazi kwenye hazina ya dunia ya maumbo ya protini, mtu yeyote alichukue, kama tulivyopewa programu bila kuulizwa sisi ni nani. Mwalimu alinunua keki. Walinipigia makofi, na mimi nilitabasamu kwa ajili ya picha. Nilikuwa namkumbuka mama na karatasi zake mbili.

Alikuwa bado ananipigia kila wiki. Nilimwamkia, aliitikia, aliuliza kama nimekula. Aliniambia bei ya mpunga na nani ameolewa. Halafu tulinyamaza pale ambapo zamani alishusha sauti, na nilikuwa nangoja kama mjinga. Hakumwona tena. Nilikuwa nimechoshwa na zile taarifa zake, nilizicheka mbele ya marafiki, na sasa ningetoa chochote nisikie kwamba kaka amepita mnadani nyuma ya ng'ombe. Kwa miaka ile yote alikuwa hai kila wiki, angalau mara moja, na mimi nilikwenda Bahi na bahasha nikaumaliza uhai huo.

Mwezi uliopita nilitumwa Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, kwenye wizara moja, kupeleka barua ya maabara isainiwe. Nilipomaliza nikatoka kwenye lile jua linalopiga zege jipya. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anatembea kuelekea majengo yanayojengwa, kofia ngumu mkononi, shati la drafti, bega la kushoto limeshuka. Alitembea kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko chini. Nilimwita. Malori yalikuwa yanapita na hakusikia. Nikavuka, nikakimbia kwa viatu vya ofisini, na nilipofika kwenye geti la mabati alikuwa ameshaingia, na mlinzi akaniambia hakuna kuingia bila kibali.

Nilisimama pale nikampigia mama. Sikumwamkia hata.

"Mama, nimemwona kaka."

Nilisikia kuku wake, na redio ya jirani. Nilimsubiri aniulize alikuwa amevaa nini, amekonda au amenenepa. Nilikuwa tayari kumwambia kila kitu.

"Uliona uso?" akauliza mama.

Nikaangalia lile geti.

"Mgongo, mama. Niliona mgongo."

"Haya, mwanangu," alisema. "Rudi kazini, jua kali."